Kila Sekunde Arobaini

Duka la serikali la divai hufungwa saa tisa Jumamosi,
na chupa yao ya bei ya chini kabisa
ni chakula changu cha siku mbili.
Kwa hiyo nilinunua pakiti nne za juisi ya tufaha
zilizopunguzwa bei kwa kubonyea pembe,
sukari, na kijipakiti cha hamira ya mkate.
Kijana wa keshia akauliza, "Unaoka, Torborg?"
Nikasema, naoka.

Mara ya kwanza sikusoma maandishi madogo.
Juisi ile ilitiwa dawa isioze,
na kisichoweza kuoza hakiwezi kulewesha.
Hamira ilizama kama mchanga, ikalala.
Siku tisa nikiiangalia. Siku tisa ikiniangalia.
Nikaimwaga chooni, nikavuta maji mara mbili
kwa aibu.

Mara ya pili nilivaa miwani dukani.
Nikasuuza kwa maji moto dumu la lita tano
nililolichukua jikoni mwa shule
nilikopika uji wa watoto miaka thelathini na moja.
Nikamimina, nikaacha nafasi juu,
maana kila kinachovimba kinataka pa kuvimbia;
nikatoboa kizibo, nikapitisha mpira mwembamba,
ncha yake nikaizamisha katika glasi ya maji.
Nikaliweka sakafuni, kando ya ukuta wa Eilert.

Eilert.
Sijamsemesha tangu theluji ya mwaka juzi
tulipogombania koleo.
Koleo ni langu. Mpini, anasema, ni wake.
Tumeishi hivyo, ubao mmoja wa msonobari katikati yetu,
nikijua anapokohoa, anapobadilisha stesheni ya redio,
naye bila shaka akijua yangu,
na ngazini tunapishana kama barua zisizo na anwani.

Usiku wa pili dumu likaanza kusema.
Blup.
Kimya.
Blup.
Narvik mwezi wa Desemba haina asubuhi,
jua halichomozi, mtu huhesabu siku kwa chochote kinachosogea.
Mimi nilihesabu mapovu.

Usiku wa sita ukuta ukagongwa. Mara tatu.
Nikasema: haya, amenipata.
Atanishtaki kwa mwenye nyumba, atataja harufu.
Nikatoka koridoni na maneno mdomoni, nimeshayanoa.
Alikuwa amesimama na soksi tu,
blanketi la sufu begani.

"Yako ina baridi," alisema.
"Jumapili ilikuwa kila sekunde kumi. Sasa arobaini.
Nimehesabu.
Mama alikuwa akiiweka ya kwake nyuma ya jiko la kuni.
Livishe blanketi, Torborg, au itakufa."

Blanketi lilinuka tumbaku
na mbwa wake, ambaye hayupo siku nyingi.
Tulilivisha dumu pamoja, tumepiga magoti
kama watu wanaomlaza mtoto wa wenyewe.
Tukangoja, yeye ameshika saa.
Thelathini na mbili.
Ishirini na tano.
Hakuna aliyetaja koleo.

Wiki ya tano likanyamaza, mashapo yakatua,
juu ikabaki rangi ya chai nyepesi.
Tulionja kwa vikombe vya kahawa.
Mgema akisifiwa tembo hulitia maji;
mimi nimesalimika, Eilert hakunisifu.
Alikunja uso, akameza, akafikiri.
"Kali," alisema. "Kama mkate uliokasirika."
Kisha akasogeza kikombe kitiliwe tena.

Gharama yote krona mia moja na nne,
nimeziandika nyuma ya kalenda,
bila blanketi, sikujua niliweke bei gani.

Theluji imeanguka tena usiku huu.
Dumu la pili, la zabibu, nimeliweka palepale ukutani,
ingawa karibu na jiko kuna joto zaidi.
Nje mtu anakwangua ngazi, upande wangu.
Sijachungulia dirishani
kuona ni kwa koleo la nani.